Mlio wa Pili

Kwa miaka kumi na tisa nimekaa jirani na mtu mwenye bunduki, na kilichonichosha kwanza hakikuwa bunduki bali kunguru. Kunguru wa Mtongwe hawana haya. Wataiba sabuni kwenye beseni ukiwa umeinama papo hapo, watapokonya kifaranga mbele ya mamake, na samaki ukimwanika bila mtu wa kumlinda umewapa sadaka. Basi jirani alipotoka na bunduki yake kwenda ukingoni mwa mashamba, kule yanakoshukia mikoko, hakuna aliyelalamika. Tulinyamaza tukahesabu milio: mmoja, kisha wa pili.

Tulimwita Fundi, na hata bintiye alimwita hivyo mbele za watu. Alitengeneza bunduki maisha yake yote katika karakana moja ya kisiwani, akivuka feri asubuhi na kurudi nayo jioni, vidole vikinuka mafuta. Kabla ya hapo, alipokuwa kijana na uwindaji bado unaruhusiwa nchini, aliwabebea wawindaji bunduki zao huko bara. Uwindaji ulipopigwa marufuku akateremka pwani na kile alichokijua. Yake mwenyewe ilikuwa ya mitutu miwili iliyolala sambamba, ya halali, ina leseni, na kitako chake kilisuguliwa mpaka kikang'aa kuliko meza yangu ya sebuleni.

Bunduki ya namna ile ina triga mbili, moja mbele ya nyingine. Ya mbele hufyatua mtutu wa kulia, ambao marisau yake, vile vipande vidogo vya risasi, hutawanyika mapema, kwa hiyo ni wa kitu kilicho karibu. Ya nyuma hufyatua wa kushoto, ambao marisau yake hushikamana mpaka mbali. Fundi alivuta ya mbele kwanza, ya nyuma baadaye, na hakuwahi kubadilisha. Alisema ndege ukimkosa ameshakuwa mbali, basi mtutu wa mbali ndio zamu yake. Tena bunduki ikirusha bega, kidole chenyewe huteleza nyuma na kukuta triga ya pili inakingoja. Alipenda sana neno hilo, inakingoja, na alilisema kama mtu anayezungumzia mkewe na chakula cha jioni.

Lakini desturi iliyomtambulisha mtaani ilikuwa nyingine. Hata kama mlio wa kwanza umemwangusha kunguru, Fundi alipiga wa pili, kwenye tope la ukingoni, ambapo hapakuwa na kitu. Hakurudi nyumbani na bunduki iliyobaki nusu. Watu walimcheka, wakasema mzee anazichukia risasi zake. Yeye hakujali. Baada ya muda mtaa mzima ukaingia katika desturi hiyo bila kujijua. Mlio wa kwanza ukisikika, mama anayeanika nguo husimama na kibanio mdomoni, watoto husimamisha mpira, na hakuna anayekatiza njia ya mashambani mpaka usikike wa pili. Askari wa kambi ya jeshi iliyo karibu, ambao mwanzo walikuja mbio na gari kuuliza nani anapiga risasi, nao wakazoea kuhesabu mpaka mbili na kuendelea na chai yao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na kila mwaka nilimtilia Fundi sahihi. Karatasi za leseni yake zilitaka jirani wa kuaminika, wa kushuhudia kwamba mwenye bunduki ana akili timamu na mwenendo mwema. Mara ya kwanza aliponiletea nilichukua kalamu palepale, kwa wepesi wa mtu anayetaka mgeni aondoke apike. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

"La, mwanangu. Huwezi kushuhudia usilolijua. Njoo kwanza usome."

Basi nikasomeshwa. Mwanamke mzima, nimefundisha watoto ambao sasa wana watoto, nikaketi kwenye mkeka wa ukumbini kwake kama mwana wa darasa la kwanza, na bunduki tupu mapajani. Kwa wiki mbili alinitolea maswali yaleyale.

"Ya kwanza?"

"Mbele."

"Ya pili?"

"Nyuma."

"Kisha?"

"Naivunja, natoa maganda, natazama."

"Watazama nini?"

"Mwanga."

"Mingapi?"

"Miwili."

Kuivunja ni kuikunja pale kiunoni, ili mitutu iiname na matundu yake ya nyuma yafunguke. Ukiinua ukatazama kwa nyuma kuelekea mbinguni, bunduki tupu hukuonyesha vijiduara viwili vya mwanga. Kikikosekana kimoja, kuna kitu ndani. Nilimwambia kwamba hata mjinga anajua kama amepiga mara moja au mbili, hana haja ya kutazama mbinguni. Akanitazama kwa huruma, akaninywesha kahawa chungu.

Alikuwa na ukali wa ajabu kwa wateja wake. Alinisimulia juu ya bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyezoea kuweka vidole viwili, kila kimoja kwenye triga yake, ati apate kuharakisha. Bunduki ilipolia mitutu yote miwili kwa pamoja ikamgonga shavu likavimba, akaja karakanani kulalamika kwamba kitako kimepinda. "Kitako hakikupinda," Fundi alimwambia. "Kilichopinda ni subira yako." Mwingine, kijana tajiri, alileta bunduki ya triga moja, inayobadilisha mitutu yenyewe, akataka asifiwe. Fundi aliisafisha vizuri, akaifunga, akamrudishia. Mimi aliniambia baadaye kwamba hakuipenda kwa sababu ilimchagulia mtu. Yenye triga mbili, alisema, ukikosea umekosea mwenyewe na unajua ulikosea wapi. Nilikubali, maana nilikuwa sijamwona akikosea.

Wala asidhaniwe alikuwa mtu wa kupenda vishindo. Siku za Idi, watoto wakirusha fataki, Fundi alifunga madirisha yote mchana kweupe na kukaa ndani na kanzu yake mpya iliyopigwa pasi, jasho likimtoka, mpaka wamalize. Nilipomtania kwamba bingwa wa bunduki anaogopa viberiti vya watoto, alisema, "Milio ile haina mwenyewe, Mwalimu. Hujui mingapi imebaki." Bunduki yake aliisafisha kwa kipande cha kanga ya marehemu mkewe, na kila alipokiingiza mtutuni alisema kwa sauti ndogo, "Samahani, mama." Chai yangu aliilaumu kila siku kwa tangawizi nyingi na aliinywa vikombe vitatu.

Tena alikuwa na kunguru wake. Mmoja alimvunja mguu kwa marisau na asife, na tangu siku hiyo ndege yule alikuja asubuhi ukutani akisimama kwa mguu mmoja, Fundi akimkatia mahamri vipande vidogo. Wenzake aliwapiga risasi saa nne, yeye alimlisha saa mbili. Nilimwuliza inakuwaje. "Huyu nina makosa naye," alisema, akaendelea kumega.

Sababu ya mlio wa pili alinieleza mara moja tu, na wala sikuwa nimeuliza. Ilikuwa alasiri ya mvua, bunduki imefunguliwa vipande vipande kwenye mkeka, mimi nimekwenda kuazima jembe. Akaanza kusema huku anafuta, bila kuinua kichwa.

"Tulikuwa wawili tukibeba. Mimi na mwenzangu mmoja, mtu wa kwetu. Blanketi letu lilikuwa moja. Mgeni akapiga kwale, mmoja, mlio mmoja. Kwale akaanguka, mgeni akafurahi, akanipa bunduki. Nikamwuliza, bwana, umemaliza? Akasema amemaliza. Nikaiegemeza kwenye gari."

Alikisokota kile kipande cha kanga kidoleni.

"Mwenzangu akaja ataka kuketi pale kivulini. Akaishika kwa mtutu aivute kando. Triga ya nyuma ikanasa kwenye komeo la mlango wa gari. Mambo yenyewe ni hayo."

Nilisema maneno ambayo watu husema. Nilimwambia ni kadari, na kwamba mgeni ndiye aliyesema amemaliza.

"Mgeni alisema kweli, alimaliza kwale wake," akajibu. "Mimi ndiye sikutazama. Wallahi, kuivunja na kutazama si kazi ya dakika. Hata nusu dakika si kazi."

Kisha akaniambia jembe liko nyuma ya pipa la maji. Nililichukua nikaenda kulima kwenye tope, kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya na nafsi yangu. Tangu hapo sikumcheka tena kwa risasi anazozitupa topeni, na kila mwaka nilitia sahihi kwa moyo mweupe.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo sina fahari nayo.

Miaka mitatu iliyopita, Ijumaa moja baada ya sala, nilikuwa naanika mashuka. Nikasikia mlio wa kwanza. Nikasimama, shuka la maji linanichuruzikia miguuni. Jirani wa upande wa pili naye amesimama, namwona. Wa pili haukuja. Tukatazamana. Nikaliacha shuka chini kwenye mchanga, ambalo si jambo langu kabisa, nikaenda.

Nilimkuta Fundi amekwisharudi, amekaa kizingitini anavua viatu. Bunduki ameiegemeza kwenye fremu ya mlango. Mjukuu wake wa miaka minne, ambaye bintiye humleta kutoka Bombolulu siku za Ijumaa, alikuwa ameketi chini ya bunduki hiyo kabisa akipuliza ganda tupu la zamani la risasi kama filimbi. Mkono mwingine ameshika kitako, kama watoto wanavyoshika chochote kilicho karibu.

"Shikamoo Fundi. Wa pili uko wapi?"

"Marahaba. Nimepiga."

"Sikuusikia."

"Masikio hayo, Mwalimu. Umri umeingia."

Sikubishana. Nilimwondoa mtoto, nikaichukua bunduki kama nilivyofundishwa, mitutu ikitazama chini, nikaivunja. Kulia palikuwa na ganda tupu, linanuka baruti. Kushoto risasi nzima, kitako chake cha shaba laini, hakina hata alama. Nikaketi palepale kwenye sakafu na mtoto kwa upande mmoja na bunduki kwa upande mwingine.

Fundi aliitazama risasi ile muda mrefu. Akainua kidole chake cha shahada, akakikunja, akakikunjua.

"Ilifanya tik," akasema. "Nilivuta, ikafanya tik."

Alikuwa amevuta ya mbele mara mbili. Mara ya pili triga ya mbele haikuwa na kitu cha kufyatua, na ile ya nyuma ikabaki inakingoja kidole kisichokuja. Kosa hili mtu asiyejua bunduki hawezi kulifanya, maana asiyejua angeshtuka kwamba haikulia. Ni la mtu aliyefanya jambo lile maelfu ya mara, kidole chake kikaachwa peke yake, na sikio lake likasikia mlio uliozoea kuwapo.

Akaniomba nisimwambie bintiye. Aliomba kwa heshima, akiniita mwanangu, na macho yake yakiwa mahali pengine. Nikakubali. Mwezi uliofuata akaniletea karatasi na nikatia sahihi kwamba ana akili timamu.

Niliweka sharti: hatapiga bila mimi kuwapo. Nilidhani nimekuwa mwerevu. Nilichojifanyia ni kazi mpya uzeeni. Kila akitaka kutoka alinigongea, nami niliacha sufuria motoni nikasimama nyuma yake topeni, nikisema mbele, nyuma, vunja, kama ninaongoza watoto kuimba. Siku nyingine alifanya sawasawa na kunigeukia kwa kiburi. Siku nyingine aliniita jina la marehemu mkewe. Nimesomesha darasa la watoto sitini mchana wa Februari, na sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwa mtu huyu mmoja. Mwaka uliofuata nikatia sahihi tena, na wa baada yake pia. Niliona aibu, lakini niliona pia kwamba mtu akivuliwa kazi yake, mkewe na bunduki yake, atabaki na kunguru kilema peke yake.

Aliyenizindua ni bintiye, naye hakujua anafanya nini. Alinipigia simu mwaka huu kuuliza kama anaweza kumwacha mtoto kwa babu likizo nzima, kwa sababu amepata kazi ya zamu.

"Nimeona baba husahau-sahau, Shangazi," alisema. "Lakini nikajiambia, Mwalimu yuko pale, na karatasi za bunduki anazitilia sahihi yeye. Angekuwa na wasiwasi angeniambia."

Nilimjibu kwamba tutazungumza. Nikakata simu nikakaa na mchele mbichi kwenye ungo, siupeti wala siuweki. Ile sahihi niliyoiandika kumstahi mzee ilikuwa imemfikia mtu mwingine, na huyo alikuwa ameilalia usingizi.

Kesho yake Fundi akaja na karatasi mpya na bunduki ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Nadhani alinisoma usoni, maana alijiketisha kwenye mkeka wangu, akaitoa bunduki, akaivunja, akatazama mwanga, akanipa nitazame. Tupu. Akaifunga.

"Leo niulize wewe," akasema.

"Fundi, hakuna haja."

"Niulize, mwanangu."

"Ya kwanza?"

"Mbele." Kidole kikaenda, kikavuta. Tik.

"Ya pili?"

Nje mtu alikuwa anapita na tuktuk akiuliza njia, na akajibiwa, na akaenda zake. Kidole cha Fundi kikatoka kwenye triga, kikaelea kidogo hewani kinatafuta, kikarudi palepale kilipotoka.

"Mbele," akasema.

Sikumsahihisha. Yeye mwenyewe alikiona kidole chake kilipo. Alikitazama kama mtu anayemkuta mwanawe mahali alipomkataza. Kisha akaikunja ile karatasi ya leseni mara nne, akachukua kalamu niliyokuwa nimeishika, akaifunika kifuniko, akanirudishia.

"Iweke. Haina kazi leo."

Tulikwenda kituoni Likoni kwa tuktuk, bunduki imelala mapajani petu sote wawili. Nililia njiani, na yeye akajifanya anatazama maduka. Kwenye kaunta alikuwa askari kijana wa bara, mpole, akasoma cheti akamwuliza, "Mzee, iko na risasi ndani?"

Miaka yote ile nimemjua, hilo ndilo swali ambalo asingemwachia mtu mwingine kulijibu. Alinigeukia.

"Tazama wewe, Mwalimu."

Nikaivunja. Nikaiinua kwenye dirisha la kituo. Niliviona vijiduara vyote viwili, na ndani ya kimojawapo kipande cha ubao wa matangazo.

"Haina kitu," nikasema.

"Miwili?" Fundi akauliza.

"Miwili."

Ndipo akatia sahihi yake ya kuisalimisha, polepole, herufi moja moja. Jioni nilimpigia bintiye nikamwambia yote, pamoja na ile Ijumaa. Alisema tu kwamba anakuja kumchukua babake. Mimi hakuniita Shangazi siku ile.

Anakaa naye Bombolulu sasa, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la mbao. Nilikwenda kumwona wiki iliyopita. Nilimpelekea mahamri na habari za kunguru wake, ambaye sasa ananijia mimi, wala sijui ni nani aliyemwelekeza. Binti alinikaribisha kwa adabu, akaniletea chai isiyo na tangawizi. Fundi alikuwa barazani, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Hakunijua. Alinisalimu kama mgeni, akaniuliza nimetoka wapi na kama feri ina foleni. Mjukuu wake alikuwa anaruka kamba mbele yetu, ameota meno mapya.

Tairi likapasuka barabarani, la lori, kishindo kikubwa kimoja.

Fundi akainua mkono. Mtoto akasimama papo hapo, kamba ikamwangukia miguuni, maana yeye pia ni mtoto wa Mtongwe Ijumaa kwa Ijumaa. Hata mimi nilisimamisha kikombe hewani. Barabarani watu walikuwa wameshaanza kumpigia kelele dereva, na Fundi mkono wake bado uko juu, uso umegeuka kule sauti ilikotoka. Tulingoja. Niliona jasho linamtoka chini ya kofia.

"Na wa pili?" akaniuliza.

"Ushalia, Fundi."

"Umeusikia wewe?"

"Nimeusikia."

"Umetazama?"

"Nimetazama. Mwanga. Miwili."

Akanikazia macho kama zamani, alipokuwa akisahihisha majibu yangu. Kisha akaushusha mkono, akaulaza gotini, akamwambia mtoto, "Haya, kacheze."